Baiskeli Aliyoichagua Mume

Wanangu, kaeni vizuri niwape habari za nyumba moja iliyokuwa na amani, na jinsi wivu ulivyoingia humo bila kubisha hodi.

Asubuhi ya Jumamosi, mume na mke walikuwa wakinywa chai jikoni kwao, dirisha wazi, redio ikiimba taratibu. Mume alikuwa fundi rangi, mtu hodari, kucha zake hazikosi alama ya chokaa. Mke alikuwa akiosha chupa kwenye maabara ya maji ya mji. Siku hiyo alikuwa na habari njema: amepandishwa kuwa mpima maji, kwa majaribio kwanza. Siku nyingi angekwenda maabara, njia ya lami tupu. Lakini kila wiki ingempasa kupanda njia ya changarawe hadi kwenye chemchemi, achote sampuli, na azirudishe kabla hazijapata joto.

"Nitahitaji baiskeli," mke akasema.

"Hata leo tukanunue," mume akajibu, akamwongezea sukari kabla hajaomba. Alimpenda mkewe, hilo msilitie shaka. Ila alimpenda kama mtu anavyopenda kitu alichokificha.

Dukani walipokewa na muuzaji mwembamba ambaye watu walimwita Njiti.

"Karibu dada! Karibu shemeji!"

Shemeji wa wapi? mume akawaza. Tulikutana harusi gani?

Njiti hakuuliza wana pesa ngapi. Aliuliza, "Dada, utaendesha wapi?" Kisha akasikiliza mpaka mwisho, na si wauzaji wote wana adabu hiyo.

"Basi tazama," akasema. "Hii ya tairi nyembamba ni ya lami. Inakwenda kama upepo, ila ukiipeleka kwenye changarawe itakutupa. Hii ya tairi nene ni ya milimani, na kwenye lami utadhani unasukuma kabati. Wewe inakufaa ya katikati, mseto. Tairi zake za wastani, zina meno kidogo, usukani umenyooka usikuumize mgongo, na nyuma tutafunga keria ya chupa zako. Panda nione goti lako linavyokunjika."

Mke akapanda. Njiti akapiga magoti chini, akatazama pedali ilipofika chini, akapandisha kiti kidogo. Halafu akashika kiti kwa nyuma na kukimbia naye uani, na mke akacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyesahau kwamba anatazamwa.

Kicheko kile kilimchoma mume kama msumari. Kwangu hacheki hivi, akawaza. Muuzaji alikuwa ameshika kiti, wanangu, hakumshika mtu. Lakini jicho la wivu halioni mkono ulipo, linauona pale linapoogopa uwe.

"Shuka. Twende nyumbani."

"Lakini hatujanunua..."

"Nimesema twende! Goti la mke wangu halijaletwa sokoni."

Njiti akabaki na spana mkononi. "Shemeji, nimekosea nini?" Mume alikuwa ameshafika barabarani.

Tangu hapo mume akanuna. Chakula hakikushuka, usingizi haukuja. Akakumbuka kwamba kule chemchemi kuna mlinzi, tena mwanamume, na kule juu hakuna macho ya watu. Akapiga hesabu yake mbaya: mke akiwa na baiskeli ya lami tu, atabaki kwenye lami, mahali anapoonekana.

Jumatatu akaenda peke yake duka lingine, akanunua baiskeli nyekundu ya tairi nyembamba, ndefu, ya kimo cha mwanamume. Maneno ya Njiti aliyakumbuka vizuri, kwamba itakutupa. Akalipa hivyo hivyo. "Kwenye changarawe atashuka atembee," akajiambia. Mwenye kosa hakosi cha kujiambia.

Mke akaizunguka baiskeli, akabonyeza tairi kwa kidole.

"Rangi yake nzuri," akasema mwishowe. "Ila hii ni ya lami."

"Huko chemchemi waende wanaume."

Mke akaushika usukani wake. Kisha akasema, "Asante, mume wangu," kwa sababu hakutaka kumwaibisha kwa zawadi aliyoileta kwa mikono yake.

Maabara alifika vizuri, japo akisimama ilibidi aguse lami kwa ncha ya kidole cha mguu. Siku ya chemchemi aliikokota kwenda na kuikokota kurudi, sampuli zikafika zimekwishapata joto. Mkuu wa maabara, mama mkali lakini mwenye haki, akamwambia pembeni, wenzake wasisikie, "Jitahidi, mwanangu. Ikitokea tena nitashindwa kukutetea."

Nyumbani yakamngoja mengine.

"Mlinzi yule hajambo?"

"Hajambo."

"Mmeongea nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Ulitaka tuongee nini, mafuta ya taa?"

Ungedhani watacheka. Mume hakucheka.

Wiki iliyofuata, akirudi kutoka chemchemi na sampuli, mke aliona jua limemwahi. Akafikiria kazi yake, akapanda baiskeli mteremkoni. Kwenye kona tairi ikateleza. Akatafuta ardhi kwa mguu, mguu haukufika. Akaanguka na chupa zake zote, na mkono ukavunjika.

Mume alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta alipoletewa habari. Alikimbia hadi hospitali na rangi mikononi. Alipoingia wodini alimkuta mwanamume kifua wazi ameketi kando ya kitanda, akimnywesha mkewe maji.

Msidhani aliuliza hali ya mgonjwa.

"Wewe ni nani? Na shati lako liko wapi?"

Mtu yule hakukasirika. Alinyoosha kidole tu. Shati lilikuwa limezungushwa mkononi mwa mke, limelowa damu. Alikuwa mlinzi wa chemchemi. Alikuwa amelivua kumfungia mkono, akamshika bega hatua kwa hatua mpaka barabarani.

Mkuu wa maabara naye alikuwa amefika, ameleta viatu vilivyobaki njiani. "Lakini kwa kazi hii, nani alikuchagulia baiskeli ile?" akauliza.

Mke akasema upesi, "Nilichagua mwenyewe. Nilipenda rangi."

Mume akainamisha kichwa. Wageni walipoondoka, mke akamwambia polepole, "Mbele ya watu nimekusitiri. Mbele yangu usijifiche."

Mume akamweleza yote: kicheko, goti, mlinzi, duka la pili.

"Njiti alisema itanitupa. Ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

Mke akageuza uso ukutani. Mkono ulipovunjika hakulia, alilia pale.

Nafasi ya mpima maji akapewa mwingine, kwa kuwa mji hauwezi kungoja mfupa uunge. Mkuu alimpa habari hiyo akiwa amemshika ule mkono mzima. Mke akarudi kuosha chupa. Mume alipika, akafua, akaenda kwa Njiti kuomba radhi, na Njiti akampa kiti na maji ya kunywa. Lakini nyumbani mke hakusimulia tena mambo ya kazini kama zamani.

Mkono ulipopona, mke akasema, "Naenda dukani. Peke yangu." Wivu ukampanda mume mpaka kooni. Akaumeza, akaendelea kukoroga rangi. Mke aliporudi na baiskeli ya mseto inayomtosha, mume hakuuliza nani alishika kiti.

Mpaka leo, siku ya chemchemi, mpima maji mpya huwapita barabarani, chupa zikigongana nyuma yake. Mke humpisha na kumtakia safari njema. Mume hutazama chini.

Funzo

Wanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Wivu husema unamlinda mwenzako, kumbe unamkatia njia. Mkichagua kitu kwa ajili ya mtu, chagueni kwa safari yake, si kwa hofu yenu. Na mkikosea, semeni mapema, maana kusamehewa kunawezekana, lakini si kila kilichovunjika huunga.