Ala ya Mtoro

Upanga mmoja haugongani peke yake. Ndiyo maana alasiri ile, mwaka wa nzige, Mize aliacha kukuna nazi aliposikia chuma kikigongana na chuma nyuma ya nyumba. Huko alikuwepo mumewe tu, Msabaha, fundi wa kucheza upanga, ambaye Zinga nzima ilimwita harusini amtangulie bwana arusi.

Arobaini ya Mtoro, mwana wao wa pekee, ilikuwa imesomwa juzi. Hakufa kwa pigo. Alikuwa akijifunza kurudisha upanga alani, mfuko wake wa ngozi, akaikumbatia ala kiganjani badala ya kuishika mgongoni, upande usio na makali. Ngozi ilikuwa kuukuu, uzi ukaachia, makali yakamchana. Msabaha akacheka! Akampaka majivu, akamwambia mwanamume halii kwa mkwaruzo. Siku ya nane taya za kijana zikafunga, akafa amekaza meno, hata tone la maji halikupita.

Mize alichungulia penye ua wa makuti. Upanga wa Mtoro na ala yake vilikuwa hewani, havikushikwa na mtu, mbele ya upanga wa Msabaha.

"Vidole visizunguke ala, mwanangu," Msabaha alikuwa akisema. "Shika mgongoni. Taratibu, hatuna haraka."

"Nionyeshe tena, baba," ilijibu sauti iliyopenya katikati ya meno yaliyofungana.

Mize aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Harufu ya damu mbichi ilimjaa puani.

Tangu hapo kila alasiri mumewe alirudi ndani na jeraha jipya, kwanza mkononi, kisha begani. Chakula hakigusi.

"Baba Mtoro, nani anakukata?" Mize alinong'ona.

"Anajifunza. Mwanafunzi hukosea. Nilimcheka mara moja, leo nimcheke tena?"

Siku alipoingia na mkato chini ya sikio, Mize alikwenda Mapinga mbio kumchukua Bi Dija, mganga wa kutoa majini. Bibi yule alinusa hewa ya uani, akarudi nyuma.

"Huyo si mwanao," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini aliyeonja damu ile, sasa anajivika majonzi ya mumeo. Kesho atafika shingoni. Ubani peke yake haumtoi, mpaka mzazi amkane usoni."

"Baba yake hawezi, bibi."

"Basi wewe, mwanangu."

Kesho yake chuma kilipoanza kulia Mize aliingia uani na chetezo, na moshi wa ubani ulipokwenda mbele yake ukakuta kitu, ukakizunguka, ukachora mabega, bega moja juu kidogo ya jingine kama alivyozaliwa Mtoro, kisha shingo, kisha taya zilizokaza, na upanga ukiwa umenyanyuliwa kuelekea kwa Msabaha aliyesimama bila kujikinga, macho yamejaa machozi.

"Mama," sauti ilisema. "Kiganja kinaniuma."

Mize alihisi tumbo lake lote likimjibu. Akafumba macho.

"Sikukuzaa," alisema. "Mimi sina mwana. Toka kwangu."

"Mama..."

"Toka!"

Kitu kilianguka vumbini. Moshi ukapanda juu moja kwa moja, harufu ya damu ikakatika. Bi Dija, aliyesubiri nyuma ya makuti, alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi.

Msabaha alipiga magoti, akaokota kilichoanguka. Kilikuwa upanga wa Mtoro, umeingia alani mpaka mwisho, na ile ngozi haina hata alama ya damu.

"Hakuwa ananipiga, Mama Mtoro," alisema. "Alikuwa anaurudisha alani, akikosea ndipo unanikata. Leo ndiyo ameweza. Nilimwahidi akiweza tu, nitamruhusu akapumzike."

Mize alimtazama Bi Dija. Yule bibi aliinamisha uso. Hapo Mize akaketi vumbini, akaanza kumwita mwanawe kwa jina, akimbembeleza arudi kidogo tu amwambie kwamba alimzaa. Aliita mpaka adhana ya magharibi. Hakuitika mtu.