Mama wa Namba Sitini na Mbili

Mimi si mtu wa kuamini ovyo ovyo. Miaka sita nimekaa Dubai nikipunguza na kushona nguo za watu katika duka la Soud pale Satwa, na habari za majini nilizosikia humo, ningeziamini zote ningekuwa nimesharudi Muleba zamani. Hili nalisema kwa sababu lilimpata mdogo wangu Marietha, mtoto wa mama mdogo, niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja kule International City. Siku anapanda ndege kuja huku nilimwambia mama yake kwenye simu: mama, mwanao nitakurudishia kama ulivyonipa. Ndiyo maneno niliyosema, na hakuna aliyenilazimisha.

Lilianza na furaha. Pius, mchumba wake, anapakia mizigo uwanja wa ndege, na mwaka huo alipata tiketi mbili za wafanyakazi. Angeweza kumpeleka popote. Marietha akachagua Amsterdam, mji wa mifereji huko Uholanzi, kwa sababu madam aliyemfanyia kazi zamani alikuwa na picha yake sebuleni, na Marietha ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi kila asubuhi. Siku moja tu. Wafike asubuhi, watembee, warudi na ndege ya jioni.

Basi likanunuliwa daftari. Kila Pius akipata mapumziko anakuja, wanakaa chini kwenye zulia na kubishana. Saa tatu, kahawa. Saa nne, soko la maua. Saa sita, boti ndogo ya kukodi, wao wawili peke yao, Pius anaendesha. Mtu mwenyewe hata baiskeli hajui. Nilikuwa nawacheka, lakini moyoni nilikuwa nafurahi kuliko wao, maana Pius alikuwa ameshakuja dukani kwa siri kuniuliza kipimo cha kidole cha mdogo wangu. Alitaka kumvisha pete humo humo kwenye boti.

Jumatano Marietha alikwenda ofisi ya maombi ya viza. Jioni akanisimulia huku anakula.

"Leo nimekutana na mama wa Kiswahili kule," akasema. "Kavaa buibui, mtu mzima, mpole. Alikuwa na namba sitini na mbili, mimi sitini na moja. Akaniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia Amsterdam. Akauliza, mtapanda boti? Nikamwambia tutapanda. Akasema, mwanangu, nishikie nafasi yangu, naja sasa hivi."

"Akaja?"

"Hakurudi. Mimi nikamaliza, nikasikia wanaita sitini na mbili. Nikasema, yupo, anakuja. Nimengoja mpaka nikachoka, dada. Nimeona aibu kuondoka, nilishamwambia nitamshikia."

Nikamwambia ndivyo tulivyolelewa, lakini siku nyingine asijifanye mwema kupita kiasi. Tukaosha vyombo tukalala. Nilipoamka Marietha alikuwa amejibana ukingoni mwa kitanda, na katikati yetu palikuwa na nafasi ya mtu.

Sikulichukulia uzito. Lakini keshoye akamimina chai vikombe viwili vyake, akanywa kimoja. Kwenye basi la kwenda metro alikalia nusu ya kiti, akaweka mkono kwenye ile nusu nyingine, na mtu alipotaka kukaa akamwambia kwa adabu kwamba pana mtu. Nilipomuuliza alishangaa. Alinitazama kabisa machoni na kusema, "Nimesema hivyo mimi?"

Ijumaa mchana nikalifungua daftari lao. Mwandiko ulikuwa wake ule ule wa shule. Kahawa, maua, boti. Chini ya boti pakawa na mstari ambao sikuuona wiki iliyopita: *Saa saba na robo. Daraja dogo, taa imevunjika. Hapo atashuka.*

"Nani atashuka?" nikamuuliza.

Akasoma. Akasoma tena. "Labda Pius," akasema. "Labda atashuka anipige picha." Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba hakumbuki kuuandika.

Sasa nisikilizeni hapa. Soud, tajiri yangu wa dukani, wazee wake walitoka Unguja na yeye amezaliwa hapa hapa Dubai, na ana ugonjwa mmoja: kunisahihisha Kiswahili. Nikisema hivi anasema sivyo. Nyinyi wa bara mnakula maneno, Doris, mnameza. Jumamosi nikamsimulia kisa cha yule mama, kupitisha muda tu, nikiwa napiga pasi. Akaacha kukata kitambaa.

"Huyo mama alikuwa na nambari mkononi?"

"Alikuwa nayo. Sitini na mbili."

"Basi nambari ndiyo nafasi. Ya nini tena kushikiwa?" Akaweka mkasi chini. "Muulize mdogo wako vizuri. Alisema nafasi, au alisema nafsi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikampigia Marietha hapo hapo, nikaweka sauti ya nje. Nikamuuliza.

"Nafsi," akasema. "Sasa ukisema hivyo, dada, alisema nafsi. Nilidhani ni lafudhi ya pwani tu."

Nishikie nafsi yangu, naja sasa hivi. Na mdogo wangu, kwa malezi mema ya kwetu, akajibu: haya mama, nitakushikia.

Soud akaniambia arudishe kabla hajasafiri. Nikamuuliza anarudishaje. Akasema hajui, yeye ni fundi nguo, lakini mtu huwa anarudishiwa kitu pale alipokukabidhi.

Tulikwenda pamoja Jumatatu, siku ya kuchukua pasipoti. Saa saba mchana, jua linaunguza, ndani kipupwe kinauma mifupa. Mlinzi alikuwa kijana wa Kiganda, anayejua Kiswahili cha kuombea maji. Nikamuuliza habari za mama wa buibui, Jumatano iliyopita, namba sitini na mbili. Akamtazama Marietha, akamkumbuka.

"Wewe ulikuwa wa mwisho," akamwambia. "Sitini na moja. Baada ya wewe tulifunga. Hakuna sitini na mbili."

"Niliongea naye," Marietha akasema. "Nilikaa naye pale."

"Mimi nilikuona unaongea. Nilifikiri uko na simu ya masikio."

Tukakaa kwenye viti vile vile. Marietha akasema polepole, akiangalia hewa, "Mama, chukua kilicho chako, mimi siwezi." Akarudia mara tatu. Watu wakatuangalia. Hakuna kilichotokea. Tulipoinuka kuondoka nikaona mdogo wangu amesogea kidogo mlangoni, akatoa njia, kama mtu anayempisha mkubwa wake atangulie.

Hapo ndipo ningeweza kuizuia safari. Najua. Ningeficha pasipoti, ningegombana, wangeninunia mwezi mmoja na basi. Nilimfuata Pius, nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akatoa kiboksi cha pete mfukoni, akakifungua, akaniambia, "Dada Doris, nimekula mlo mmoja kwa siku tangu Pasaka kwa ajili ya hii. Wewe unaniletea habari ya nafasi na nafsi?" Nikaona haya. Na ninyi mngeona haya. Tena nikajipa moyo na ule mstari wa daftari: hapo atashuka. Basi kumbe mama wa watu anataka lifti tu. Afike kwenye daraja lake, ashuke, atuachie mtoto wetu. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini.

Wakasafiri Jumapili. Nilimvika Marietha sweta la buluu nililomfumia mwenyewe. Akanikumbatia, na mkono wake mmoja ukabaki nje, umeshika hewa.

Saa tisa mchana ya huku, saa saba ya kule, Pius akanipigia simu ya video. Nilikuwa dukani peke yangu, Soud ameenda kusali alasiri. Nikawaona. Maji ya kijani, nyumba nyembamba zimesimama zikibanana, baiskeli zimeegeshwa ukingoni. Pius anacheka, mkono mmoja kwenye usukani. Marietha yuko kwenye benchi la mbele, amekaa ukingoni kabisa.

"Msalimie dada," Pius akamwambia.

Akageuka, akatabasamu. Alikuwa mdogo wangu. Nawaambia, mpaka hapo alikuwa ni yeye.

Nyuma yake likaja daraja dogo la matofali. Juu yake nguzo ya taa. Taa haina kioo.

Marietha akasimama.

"Mwambie akae," nikasema. "Pius, mwambie akae."

Picha ikaganda. Sauti ikaendelea. Nikasikia maji. Nikasikia injini. Nikasikia kiatu kikikanyaga jiwe. Mara moja. Halafu cha pili.

"Pius, mmesimama?"

"Hatujasimama, dada. Tunaenda."

Picha ikarudi. Marietha ameketi. Ameketi katikati ya benchi. Amelijaza lote, mikono huku na huku. Wiki nzima sikumwona amekaa hivyo.

"Ameshuka," akasema.

Nililia. Niliweka kichwa kwenye cherehani nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Boti ilikuwa inaliacha daraja, na juu ya daraja, chini ya ile taa, mtu amesimama anapunga mkono. Mdogo sana, mbali, picha haikuwa safi. Nikajua ni yule mama anaaga. Nikanyanyua mkono na mimi nikampungia. Dakika ile ile Pius akapiga goti, boti ikayumba, na pete ikavishwa. Akasema ndiyo.

Walirudi Jumatatu. Nilikuwa nimepika ndizi na maharage, chakula anachokililia kila siku. Akala kidogo, akasema hakina nazi. Usiku alilala chali katikati ya kitanda, na mimi ndiye niliyejibana. Nikasema uchovu.

Jumanne mchana mama mdogo akapiga simu kuwapongeza. Marietha akiongea na mama yake hupiga magoti, hata kwenye simu, ndivyo wanawake wa kwetu wanavyoamkia wakubwa. Wenzetu wa chumba cha pili walikuwa wanamcheka kwa hilo. Nikampa simu. Akaipokea amesimama, mkono kiunoni. Nikasikia mama anamsalimu kwa Kihaya. Akajibu, "Marahaba." Mama akaendelea, Kihaya tupu. Yeye akasema ndiyo, haya, inshallah, akanirudishia simu akaingia jikoni.

"Alikuwa amechoka, mama," nikasema. Mama mdogo alikuwa ameshakata.

Alinipigia tena Jumatano saa sita mchana. Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Hakunisalimu.

"Doris, yule uliyenipa jana ni nani?"

"Ni Marietha, mama."

"Marietha amenipigia leo asubuhi." Alikuwa ananong'ona, nadhani hakutaka baba mdogo asikie. "Namba siijui. Kaongea Kihaya chetu, kalia kama anavyolia. Anasema kuna baridi. Anasema anawasemesha watu na hawageuki. Ananiuliza kosa lake ni nini, kwamba dada Doris alimwona, akampungia mkono, halafu akamwacha."

Nilimwomba ile namba. Akaituma. Inaanza na thelathini na moja, na hiyo ni namba ya Uholanzi, nimeulizia.

Pius ana furaha. Anasema mchumba wake ametulia siku hizi, hanung'uniki, anapika vizuri. Harusi ni Desemba, na mimi ndiye msimamizi. Gauni analishona Soud. Alipompima hakusahihisha neno hata moja, na alipomaliza akanawa mikono mara mbili.

Ile namba nilikaa nayo siku tisa. Jana mchana nikafunga mlango wa chumba, nikapiga. Ikaita. Ikapokelewa. Nikasikia maji yakigonga ukuta, na kengele ya baiskeli ikipita. Nikaita kwa sauti ndogo sana, "Marietha."

"Abee, dada," ikajibu simu.

"Labeka," akaitika yule wa jikoni, na nikasikia miguu yake inakuja.