Bibi Harusi wa Chini ya Ardhi

"Dada, samahani, hapa ndipo kituo cha Anorzor?"

"Ndipo. Jina hilo ukutani."

"Nimeliona, ni wasiwasi tu. Leo naonana na mwanaume niliyeletewa na washenga. Saa sita, hapa hapa chini. Hebu nisaidie kumtambua, nisije nikamchekea mume wa mtu!"

Msichana akacheka, akatoa simu, akaonyesha picha. Barno, msimamizi wa treni za chini ya ardhi, mwenye kofia nyekundu, akaitazama mara moja tu, akaijua sura ile.

Doniyor!

Miaka miwili nyuma mwanaume huyo alikuwa wake. Familia zilishavunja mkate wa uchumba, kadi za harusi zilishasambazwa nusu ya Tashkenti. Zikiwa zimebaki siku tisa, simu ikaingiza ujumbe:

"Barno, mama kakataa. Hataki bibi harusi wa chini ya ardhi. Nisamehe."

Kuachwa angekuvumilia. Kilichommaliza ni maneno yaliyofuata. Mtaa mzima uliambiwa Barno kafumaniwa na dereva wa treni kwenye karakana ya mabehewa. Wanawake wakaacha kumwalika kwenye shughuli zao. Baba yake akaacha kwenda kwenye pilau za asubuhi na wazee wenzake. Mdogo wake, Saodat, washenga walifika getini kwao, wakauliza jina la dada yake, wakageuza.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Ruhsora."

"Njoo kibandani, nikupe chai. Bado nusu saa."

Humo kibandani Barno akamweleza yote, bila kupaka sukari. Ruhsora akaweka bakuli la chai chini.

"Dada, unasema kweli au una wivu?"

"Wivu ninao. Na kweli ninayo."

"Nitajuaje? Nikimuuliza si atakana?"

"Usimuulize kama alinisingizia. Mwambie baba yako hataki mkwe aliyechezewa na mwanamke. Halafu nyamaza."

Ruhsora akamtazama, macho yakaanza kung'aa.

"Haki ya Mungu, wewe dada ni hatari!"

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Barno akafungua simu yake kurekodi.

"Waalaikumu salaam, ua langu!" Sauti ya Doniyor ilikuwa ileile, laini kama siagi. "Tuko kwenye teksi na mama, tunakaribia."

"Kaka Doniyor, kuna neno limefika nyumbani. Eti mchumba wako wa kwanza alikuwa akitoka na dereva wa treni, na wewe hujui kitu. Baba kanuna. Anasema mwanaume wa hivyo hata mkewe atamchezea."





"Mimi? Nichezewe mimi?" Ulaini wote ukapotea. "Ruhsora, yule nilimwacha mwenyewe!"

"Wote husema hivyo wakiachwa."

Nyuma ya simu akasikika mwanamke akifoka. Alikuwa Bi Holida, mama yake Doniyor.

"Lete hapa hiyo simu! Binti, nisikilize. Mwanangu hajawahi kuchezewa na kiumbe yeyote, mwambie baba yako. Yale maneno ya karakana niliyatunga mimi, kwa kinywa changu, na Doniyor akayasambaza mtaani. Tungesema nini kwa watu, na mkate tumeshavunja? Msichana hakuwa na kosa. Kosa lake kazi, kutwa yuko shimoni kama panya! Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana, mama."

Ruhsora akakata simu.   Barno akafungua kundi la Telegram la mtaa wao, wanawake mia tatu na ushee, lile lile ambamo jina lake lilichafuliwa.

"Unatuma, dada? Yule ni mama mtu mzima."

"Alipolichafua jina langu alikuwa mtu mzima pia."

Akabonyeza.

Saa sita kasoro dakika tano, Doniyor akashuka ngazi za umeme na ua mkononi, mama yake nyuma akiwa na hariri zake za sikukuu. Kabla hawajafika chini, simu ya Bi Holida ikaita. Ikakatika, ikaita tena.

"Nini? Sauti gani? Nani katuma?"

Doniyor akaona kwanza Ruhsora, kisha kofia nyekundu iliyosimama kando yake. Ua likamponyoka.

"Barno?"

"Ndiye. Panya wa shimoni."

"Futa! Nakuomba, futa sasa hivi!"

"Mtaa mzima umeshasikia. Wengine wanasikiliza mara ya pili."

"Barno, nilikupenda, unajua. Mama ndiye..."

"Mama alitunga. Nani aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba?"

Doniyor akasogea karibu. Manukato yake yalikuwa yaleyale, na Barno, jamani, akajikuta akiyavuta puani. Alikichukia kile kidogo cha penzi kilichobaki ndani yake kuliko alivyomchukia yeye.

"Nitakuoa," Doniyor akanong'ona. "Wiki hii hii. Nitawaambia wote ulikuwa mwema."

"Wameshaambiwa. Na aliyewaambia ni mama yako."

Ruhsora akapita katikati yao.

"Kaka Doniyor, usije kwetu. Baba yangu akisikia hiyo sauti, sitaweza kumzuia."

Treni ikavuma kwenye handaki. Barno akainua kibao chake cha ishara.

"Rudi nyuma ya mstari, abiria."

Akarudi. Bi Holida alikuwa amekaa kwenye benchi la marumaru, simu ikiita mapajani mwake, hataki kuishika.

Siku ya tatu mama huyo akaja getini kwa kina Barno, peke yake, kichwa chini. Baba akamwita binti yake pembeni.

"Kaja kuomba radhi. Tumkaribishe?"

"Tumkaribishe, baba, ila leo asikae. Aanze nyumba ya kwanza ya mtaa, aseme mlangoni kwa mdomo wake kwamba alinizulia. Akimaliza ya mwisho, aje kwetu anywe chai."

"Mwanangu, nyumba ni sitini na nne."

"Nazijua. Katika zote nilikuwa yule msichana wa karakana."

 Baba akatoka getini akayasema yale yale, neno kwa neno. Bi Holida akalia, akamtazama Barno akitafuta huruma. Hakuipata. Akageuka akaenda kugonga mlango wa kwanza.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Barno aliomba ruhusa kazini siku zote mbili, akavaa sare yake na kofia nyekundu, akatembea hatua tano nyuma ya Bi Holida, kila mlango.