Chakula cha Mchana Hakifuti cha Asubuhi

Shule ilipoanza kuwapa watoto wote chakula cha mchana bure, fundi cherehani mmoja alishusha pumzi. Asubuhi iliyofuata hakubandika uji.

"Mama, uji uko wapi?" aliuliza binti yake. Nyumbani walimwita Kijiko, kwa jinsi alivyopenda kula.

"Utakula shuleni. Cha bure kikija, cha nyumbani kinapumzika."

Kijiko akaondoka na maji matupu tumboni.

Baada ya wiki chache, mwalimu alimwita mama. "Zamani alikuwa anasinzia mchana. Sasa akishakula mchana anachangamka. Lakini asubuhi analala juu ya dawati, na hesabu tunafundisha asubuhi. Akiendelea hivi, atarudia darasa."

Mama alitoka hapo amefura kwa hasira. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, mpishi wa shule.

"Jirani, mnawalisha nini watoto huko? Mwanangu amekuwa gogo."

Mpishi alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka. "Mimi chakula naipua saa sita mchana. Kabla ya hapo, leo alikula nini?"

Mama akaanza kukunja nguo zilizoanuliwa.

"Nakuuliza wewe, si ukuta."

"Hakula kitu. Si mnampa chakula nyinyi?"

"Ala, kumbe unanisingizia usingizi wa nyumbani kwako," mpishi alisema, akicheka. "Wewe ukishona bila kula, mkono unakuwaje?"

"Unatetemeka."

"Na kichwa cha mtoto ni hivyo hivyo. Usiku kucha hajala. Tumbo tupu halimsikii mwalimu. Chakula cha shule ni nyongeza, jirani. Kimekuja kuziba pengo la mchana, si kuchimba lingine asubuhi."

"Asubuhi nina haraka."

"Nani kakwambia upike karamu? Uji. Au mkate na yai. Hata kiazi na maharage kidogo."

Mama aliondoka ameinamisha kichwa. Lakini kesho yake uji ulikuwa mezani, na Kijiko aliukomba mpaka bakuli likang'aa.

Muhula ulipokwisha, mwalimu hakutaja tena kurudia darasa. Kijiko alikuwa amefaulu hesabu.

Siku moja mama alijumlisha vipimo kwa chaki, akashika mkasi kukata kitambaa cha mteja. Kijiko akamzuia mkono.

"Mama, hapo umekosea kujumlisha. Gauni litakuwa fupi."

Mama akapima upya. Kweli.

"Haya umejifunza lini?"

"Asubuhi," Kijiko alisema.