Mahari Iliyoteremka na Mto

Jioni hiyo Wangechi alitoka kununua unga. Ndivyo alivyomwambia jirani aliyemuuliza anakwenda wapi na jua linazama. Hakumwambia kwamba ndani ya mfuko alikuwa amekunja shati chafu la mumewe, na kwamba kabla ya kufika kwa muuza unga kuna mwanamke alitaka kumnusisha.

Miaka sita alikuwa amekaa na Bedan pale Mugutha. Bedan aliendesha lori la kunyonya vyoo, na mwanamke anayekaa na dereva wa lori kama hilo hujua harufu atakayolala nayo. Wangechi aliizoea zamani. Kilichomnyima usingizi ni kwamba tangu mwaka jana harufu hiyo iliondoka. Bedan alirudi akinuka chumvi. Chumvi, na kitu kingine kibichi, kama majani yaliyolowa siku nyingi. Mabegani mwa shati, ungaunga mweupe. Na yeye mwenyewe, mtu wa kelele na mzaha, siku hizi alioga mara mbili, akala kimya, akitabasamu peke yake juu ya sahani.

Mwanamume hauchekei ugali bure.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma. Hakuna mbuzi hata mmoja wa ruracio, yaani mahari, aliyewahi kufika kwao Kalimoni. Walianza tu kukaa pamoja, mtoto wao Wairimu akaja, basi. Kila Desemba Bedan alisema mwaka ujao. Kila Desemba mama yake Wangechi aliuliza, "Huyo mtu wako, njia ya kuja huku aliisahau?" Sasa mtu ambaye hakupata mbuzi wa kupeleka kwa wakwe amepata wapi nguvu za mwanamke wa pili?

Chumvi ni ya Pwani, na mwanamke pekee wa Pwani ambaye Wangechi alimjua alikuwa Tausi, aliyekaanga viazi karai kando ya barabara. Leso mbili, hina vidoleni, sauti tamu kama anakubembeleza ulale. Na Bedan alipenda viazi.

"Wewe! Nusa!" Akatupa shati mezani, nusura liingie kwenye mafuta.

"Salamu kwanza, mama."

"Salamu utampa mwenye shati. Si unamjua!"

Tausi aliliinua kwa vidole viwili. "Bibi wee, mimi nina mume, nina kisukari, na nina viazi vinaungua. Huyo wako nitamweka wapi?"

Wateja wakacheka. Tausi naye alikuwa anacheka alipoliweka shati puani. Kisha akaacha.

Akanusa tena. Polepole.

"Bwanako amefika lini Pwani?"

"Huyo? Hata Machakos hajafika!"

"Hii ni harufu ya mwamba uliokufa," Tausi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwetu Mambrui, maji machafu ya mto yakiingia baharini, matumbawe hugeuka meupe, yakafa. Majani ya bahari yanaoza. Kasa wanatupwa ufuoni na plastiki tumboni. Hunuka hivi hivi. Na mto wenyewe ni huu wenu hapa chini. Unaingia Athi, na Athi ndiyo Sabaki yetu. Mnachomwaga nyinyi hutufikia sisi."

"Sikuja kwa masomo. Ni nani huyo?"

Tausi akamvuta mkono, mdomo karibu na sikio.

"Ukimkuta... usimdai kitu. Umesikia? Mshike mumeo, nyamaza, uende zako. Usimdai kitu chochote."

Wangechi akaunyakua mkono wake. Akampigia Bedan.

"Uko wapi?"

"Makongeni, Mama Wairimu. Shimo la hapa ni kubwa, bado nanyonya."

Alikuwa anasema hivyo, na lori lake lilikuwa linapita mbele ya Wangechi. Namba ni ile, taa moja iliyovunjika ni ile, Bedan ndani na simu sikioni. Likapinda, likashika njia ya mtoni.

Wangechi aliliandama kwa miguu. Hakukimbia. Mtu mwenye hasira ya kweli hakimbii.

Madereva wa kazi hiyo wanafaa kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka. Lakini huko kuna foleni, na kila dereva mvivu ana mahali pake pa siri. Pa Bedan palikuwa nyuma ya machimbo ya mawe, penye kona ya mto. Wangechi alisikia kwanza mpira wa lori ukitapika. Gba... gba... gba... Maji yalikuwa ya zambarau kwa rangi za viwanda vya juu, na povu lilielea kubwa kama mito ya kulalia. Hakukuwa na chura hata mmoja aliyelia. Hakukuwa na mbu.

Kisha ile harufu. Chumvi.

Bedan alikuwa ameketi ukingoni, amevua viatu.

"Leo nimekuletea nyingi," alisema, kwa upole ambao Wangechi hakuwahi kuusikia, hata siku Wairimu alipozaliwa.

Kuna mtu alikuwa ndani ya maji.

Maji yalimfika kifuani, pale pale mpira ulipokuwa unamwaga. Ngozi nyeupe kama mfupa ulioanikwa juani, ikibanduka vipande vidogo vilivyoanguka kama chokaa. Nywele zilikuwa majani marefu yaliyooza ncha. Nyavu zilizokatika zilimzunguka shingo kama shanga. Yote hayo Wangechi aliyaona baadaye. Cha kwanza alichokiona, Mungu amsamehe, ni kwamba mwanamke yule alikuwa mzuri kuliko yeye.

"Mke mwenzangu," yule akanong'ona bila kugeuka. "Umechelewa kuja kunisalimu."

Wangechi akashuka hadi ukingoni.

"Mimi si mke mwenza wa mtu! Bedan, simama twende!"

Bedan hakusikia. Alikuwa anatazama maji kama mtoto anayetazama keki.

"Huyu huniletea kila jioni," yule akaendelea. "Mwaka mzima. Mto unashuka siku nyingi, unaweka mlangoni kwangu baharini. Wanangu walikula, wakafa. Wakala wengine, wakafa. Nikajiuliza, ni nani anayetuma bila kuchoka? Kwetu, mwanamume akituma hivyo kwa mwanamke, anaposa. Mahari ghali namna hii haijawahi kutolewa. Nikaipokea. Nikapanda kuja kumwona aliyeitoa."

Akageuka. Macho yalikuwa na ukungu, kama ya samaki aliyelala sokoni siku tatu.

"Na wewe... wewe alikutolea nini?"

Gba... gba... gba...

Wangechi angeweza kustahimili jini. Angeweza kustahimili mauti. Swali hilo hakuweza. Miaka sita ya Desemba ilimpanda kooni, na mama yake akiuliza, na mashangazi wakiguna. Mbuzi hata mmoja! Na hili jitu la majini limepelekewa mahari kila jioni, kwa lori!

"Rudisha!" akapiga kelele. "Kwetu mwanamke akiachwa, mahari hurudi! Rudisha uende kwenu!"

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke akatabasamu.

"Nirudishe?"

"Ndiyo!"

"Yote?"

"Yote!"

"Na waliokufa nayo?"

"Nimesema yote! Hata punje isibaki!"

"Kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwa aliyetoa!"

"Haya," yule akasema, kwa adabu kabisa.

Akazama. Povu likafunga juu yake.

Mpira ukanyamaza wenyewe. Bedan akapepesa macho, akamtazama mkewe, akauliza kwa sauti yake ya zamani, ya makelele, "Haiya! Wewe umefika huku na nani?" Wangechi alimnyanyua kwa kola. Alinuka choo. Wangechi hakuwahi kunusa kitu kizuri namna hiyo.

Njiani wakanunua unga. Saa mbili walikuwa mezani, mlango umefungwa, taarifa ya habari ikinguruma kwa jirani. Wangechi alimpakulia nyama ya mgongoni. Alikuwa ameshinda. Alitaka kuimba.

Bedan akakohoa.

"Kunywa maji."

Akakohoa tena. Akashika tumbo. Wangechi aliwahi na beseni, na maji yakatoka. Mengi. Ya kijivu. Yalimrukia mkononi, na hata kabla hajayanusa alijua yana chumvi. Kisha nyuzi za nyavu, zikija polepole, zisiishe. Kisha kitu kigumu kilichomkwama Bedan kooni hadi macho yakamtoka...

Kikaanguka ndani ya beseni.

Kasa mdogo, wa kuenea kiganjani. Amefumba macho. Mdomoni mwake kipande cha mfuko wa nailoni.

Mmoja.

Tumbo la Bedan likajaa tena chini ya shati, likasogea, kama kuna vitu vingi ndani vinavyosukumana kupanga foleni. Mwaka mzima. Kila jioni. Yote, alikuwa amesema. Hata punje.

Bedan aliinua uso. Wangechi alingoja aombe hospitali, aombe maombi, amwite kwa jina.

"Ananirudishia," Bedan akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Huyu mtu hakulia hata kwenye mazishi ya mamake. "Mama Wairimu, mbona ananirudishia? Nimemkosea nini? Mwambie... mwambie nitaongeza..."

Wangechi alijua anapaswa kukimbia nje, kuita majirani, kutafuta gari. Alijua vizuri kabisa. Lakini alisimama pale, amemwokota yule kasa mfu, wa baridi kiganjani mwake, akijiuliza ni lini, katika miaka yote sita, mwanamume huyu aliwahi kumlilia yeye hivyo.

Beseni likajaa.

Akaenda kutafuta ndoo.