Shimo Nyuma ya Kalenda

Ukiwauliza watu wa mtaa wa Dilala kuhusu Muamba, watakuambia ni mtu mwema, wala hawasemi uongo. Anaendesha lori kubwa kwenye machimbo ya Mashamba. Akirudi na mkate, huwagawia hata watoto wa majirani. Mkewe, Tshibola, alimpenda. Alimwogopa pia. Hayo mawili hukaa nyumba moja, msidanganyike.

Maana Muamba alikuwa watu wawili. Asubuhi alisema: "Tshibola, bila weye mi ni mufu." Jioni, mkewe akichelewa kidogo tu sokoni, alipiga kelele: "Uko na bwana mwingine! Utaniacha! Ukiniacha, mi nitakufa!" Alhamisi moja alitupa simu ya mkewe ukutani. Kioo kikavunjika.

Kesho yake Tshibola akamwuliza mumewe, akimwita baba wa binti yao: "Tata Shekina, juu ya nini ulivunja simu yangu?"

"Mi? Ilianguka mu mikono yako mwenyewe. Unaanza kusahabu, mama."

Wiki ile ile kalenda ya parokia, iliyokaa mlangoni miaka yote, ilihamia ukutani. Tshibola aliiona, hakuuliza. Alishachoka kuuliza.

Kisha likaja kubwa. "Jumapili uliniambia weye mwenyewe, unalia, kama ulilala na Kalombo," Muamba alisema. Kalombo ni muuza samaki tu. Tshibola alikumbuka kulia. Maneno hayo hakuyakumbuka kabisa. Lakini mwaka mzima alikuwa akiambiwa "unasahabu", yaani anasahau. Akajiuliza: labda nilifanya? Labda nilisema? Jamani, ni jambo baya sana mtu kuanza kujishuku mwenyewe.

Siku hizo binti yao, Shekina, wa miaka mitatu, akashikwa na homa. Mama Mujinga, mama yake Muamba, aliyekwisha kuambiwa habari za Kalombo, alifika akamtazama mtoto, akasema: "Ni tshibawu."

Watu wa Kasai, alikotoka ukoo wa Muamba, wanalijua neno hilo. Wanasema ni laana: mke aliyemsaliti mumewe lazima akiri mbele ya ukoo. Asipokiri, mtoto hufa.

"Sema, mukwe wangu, mutoto apone," Mama Mujinga alimsihi. "Kesho tutakutana."

Tshibola akaamua kukiri. Heri aibu kuliko kaburi la mtoto.

Jirani yao, Mama Ernestine, ni muuguzi wa kituo cha afya. Alisikia mtoto akilia, akaingia bila hodi, akamgusa.

"Mama we! Mutoto anawaka moto, na munangojea mukutano? Leta kitenge, tuende!"

Kituoni walimpima damu. Ilikuwa malaria. Wakampa dawa. Baada ya saa chache Shekina akaomba maji, kisha akaomba uji. Tshibola akaanza kulia, akaeleza yote.

"Na ule Kalombo, ulilala naye?" Mama Ernestine aliuliza.

"Sijui tena, mama."

"Haujui?" Muuguzi akaweka kalamu chini. "Acha maneno bwana yako anasema. Macho yako iliona nini? Simu ilivunjika wapi?"

"Ku ukuta. Lakini ye anasema..."

"Ukuta haisahabu. Tutaiangalia."

Homa iliposhuka, walirudi nyumbani. Mahali simu ilipogonga sasa palining'inia kalenda; Tshibola akaiinua. Nyuma yake kulikuwa na shimo dogo kwenye plasta, upana wa kona ya simu. Akakaa chini.

"Siko wazimu," alisema. "Mama Ernestine, siko wazimu!"

"Hauko. Mutu akikukatalia kila siku kile uliona na kile ulisikia, mwisho unaamini kinywa yake kuliko macho yako. Ile ni kuumiza mutu, hata bila fimbo."

"Anafanya vile juu ya nini? Ananipenda."

"Ugonjwa yake mi siwezi kuitaja, ni munganga wa kichwa tu anaweza. Lakini kuko moja, banaiita trouble borderline. Mutu anaogopa sana kuachwa. Mapendo na hasira inamupanda mbio. Batu bengine, hasira ikipita, haya inabashika, banakana kile balifanya. Si bote. Haiko bulozi, haiko uchawi, na kuko musaada: kuongea na munganga, muda murefu. Lakini sikia, Tshibola. Ugonjwa si ruhusa. Kile uliona, andika siku ile ile. Akikutisha, kimbia na mutoto. Akisema atakufa, ita ndugu yake, asibakie peke, bamupeleke ku hospitali."

Kesho yake ukoo ulikutana kwa Mama Mujinga. Kuku mweupe wa kafara alikuwa tayari, amefungwa miguu. Tshibola akasimama, Shekina mgongoni anatafuna mkate.

"Mutoto alikuwa na malaria. Amepata dawa," alisema. "Kitu sikufanya, sitaikiri, hata mukinifukuza. Tata Shekina, nyuma ya kalenda kuko nini?"

Watu wote wakamgeukia Muamba. Akafunika uso kwa mikono.

"Simu nilivunja mi," alisema. "Na Jumapili haukusema kitu ya Kalombo. Ni mi nilisema. Niliogopa utaniacha."

Mama Mujinga aliinama, akamfungua kuku.

Tshibola alikaa kwanza miezi miwili kwa dada yake, Louise, kisha akarudi nyumbani. Muamba alimwona daktari wa akili, na daktari akathibitisha ni ugonjwa ule ule. Sasa anakwenda kuongea naye kila baada ya wiki mbili. Hajapona yote, tusidanganyane. Lakini hasira ikipanda, anatoka nje. Na Tshibola ana kaye yake, daftari dogo, anaandika.

Juzi alichelewa sokoni. Muamba akapiga kelele, akatoka. Baada ya saa moja alisimama mlangoni, chini ya kalenda iliyorudi mahali pake.

"Tshibola, nilikutukana. Ni mi nilisema."

"Ndiyo, ulisema," Tshibola akajibu. "Nilisikia."

Ukutani shimo bado lipo. Muamba alitaka kuliziba kwa saruji. Tshibola akamwambia aliache kwanza.