Stelingi Hafi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele haijalia, nilibandika ukurasa wangu kwenye gazeti la ukutani la shule, ule ubao mpana ulio nje ya ofisi ya walimu. Wengine waliandika habari za michezo na vitendawili. Mimi niliandika kuhusu filamu na tamthilia, tena kwa hasira. Ndiyo maana darasa la sita lote liliniita Pilipili.

Hasira zangu zilikuwa na sababu. Hebu niambie wewe: mtu anasikia mlango unafunguka wenyewe katika nyumba ya mizimu, na badala ya kutimua mbio anaingia ndani na kuuliza, "Nani huyo?" Anataka ajibiwe nini? Na wale viumbe wa sayari za mbali, wenye macho matatu, wamejifunza wapi lugha yetu? Sisi tunafundishwa mwaka wa sita huu na bado ngeli zinatutoa jasho! Mambo hayo yalinichemsha damu, nami niliyaandika, na wenzangu waliyasoma wakicheka mpaka kengele.

Tamthilia moja tu sikuwahi kuigusa kwa ubaya. Ilikuwa ile ya Inspekta, mwanamke mpole asiyebeba bastola. Katika sehemu ya kwanza aliapa mbele ya kaburi la baba yake kwamba hatamuua mtu, hata awe mwovu namna gani. Kwa sehemu tisini na tisa aliwakamata wahalifu kwa akili tu, isipokuwa Bwana Glavu, adui yake mkubwa, aliyemponyoka kila mara. Sehemu ya mia, ya mwisho, ingeonyeshwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

Ijumaa hiyohiyo mama yangu, ambaye ni mshonaji, alikuwa na sare thelathini za kukabidhi kesho yake.

"Njoo kibandani unisaidie vifungo," akasema.

"Mama, leo ni sehemu ya mwisho!"

"Marudio yapo Jumatano. Shika sindano, mwanangu, usinichoshe."

Nilishona huku nimenuna. Nilijichoma kidole mara tatu, na kila mara nililaumu sare.

Tuliporudi nyumbani, mdogo wangu wa kike, tunayemwita Kasuku kwa sababu ya domo lake, alinipokea mlangoni.

"Dada, umekosa uhondo! Inspekta na Bwana Glavu wamekutana ghalani. Bastola ikaanguka katikati yao. Wakaivamia, wakabiringishana, mara paa! Akamuua!"

"Akamuua?"

"Palepale! Halafu sasa—"

"Nyamaza! Sitaki kusikia zaidi."

Ya nini kuuliza? Kila mtoto anajua kwamba stelingi hafi. Anayekufa ni adui. Basi kama kuna aliyeua, ni Inspekta. Inspekta wangu, aliyeapa! Nilikasirika hadi nikalala bila kula.

Ningeweza kungoja marudio. Lakini Profesa, mvulana wa darasa letu aliyejifanya bingwa wa filamu za anga, alikuwa akiimezea mate nafasi yangu ubaoni, na sikutaka anitangulie. Jumapili nikaandika: "Nimetazama sehemu ya mwisho kwa macho yangu mawili, na nimechukia. Inspekta ni mnafiki. Ameapa kwa baba yake, kisha ameua kama jambazi yeyote. Anayemlilia ni mjinga."

Jumatatu nikabandika, nikasimama kando kungoja vicheko. Hakuna aliyecheka. Shoga yangu tunayekaa naye dawati moja alisoma hadi mwisho, akanigeukia, machozi yakimlengalenga.

"Pilipili, una moyo wa namna gani? Mtu amekufa, wewe unamtukana!"

"Amekufa nani?"

Neno lilishanitoka. Profesa akalidaka palepale.

"Eti amekufa nani! Si ulitazama kwa macho yako mawili? Inspekta ndiye aliyeiwahi ile bastola. Akakumbuka kiapo, akakataa kupiga. Bwana Glavu akampokonya, akamuua."

Akamuua. Neno moja tu, na halikusema nani kamuua nani. Sasa vicheko vikaja, lakini walinicheka mimi, na wengine hawakucheka kabisa, walinitazama kwa chuki.

Mwalimu wa Kiswahili, msimamizi wa gazeti, aliniita ofisini. Ukurasa wangu ulikuwa mezani kwake.

"Mwalimu, ni kosa la mdogo wangu!" nikaanza kabla sijaulizwa. "Yeye ndiye aliyesema 'akamuua'!"

"Na alisema kweli. Mtu aliuawa. Majina umeyaweka wewe." Akachukua kalamu nyekundu, akapigia mstari maneno 'kwa macho yangu mawili'. "Na haya? Haya pia alikuambia mdogo wako?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Umedanganya shule nzima," akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha zaidi. "Jumatatu ijayo niletee ukurasa wa kweli. La sivyo, nafasi hii ni ya Profesa, wala usije kunililia."

Nilitoka nimewaka. Nilimkasirikia Profesa, Kasuku, mama na vifungo vyake. Nilipomaliza orodha nilibaki mimi, na mimi ndiye niliyestahili.

Jumatano nikaketi na Kasuku mbele ya televisheni, nikatazama kila kitu. Inspekta alipoishusha bastola, nililia. Kisha nikaona jambo lililonifanya niruke kitini. Askari thelathini walikuwa wamesimama nje ya ghala, na hakuna hata mmoja aliyeingia mpaka Inspekta alipokata roho!

Ukurasa wangu mpya ulianza hivi: "Wiki iliyopita nilidanganya. Sikutazama, nilikuwa nashona vifungo. Inspekta hakuua. Alikufa akitimiza kiapo, nami nikamtukana marehemu, na nyinyi mliomlilia nikawaita wajinga. Nisameheni." Chini yake nikawamwagia askari wale hasira zangu zote.

Jumatatu shoga yangu alisoma, akanishika mkono. Profesa alidai askari walikuwa wamekatazwa kuingia. Nikambishia. Akanibishia. Tulipigizana kelele mpaka mwalimu akatoka ofisini.

"Pilipili, bado una hasira?"

"Sana, mwalimu! Wale askari!"

"Usiiache. Hasira ya mtu aliyeona ina kazi yake duniani. Ila hasira ya mtu aliyesikia tu humwangukia asiye na kosa." Akautazama ubao. "Inspekta ni mtu wa kubuni, hakuumia. Lakini kesho utaandika habari za mtu aliye hai, labda jirani yako, labda mimi. Neno likishabandikwa hapa, huyo mtu atakuja kujitetea wakati kila mmoja keshasoma na kwenda zake."